Kupinga tuzo ya CMA Mahakama Kuu bila wakili

Tuzo ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo kila mtu anaiita CMA, haikatiwi rufaa. Anayeona mwamuzi amekosea hupeleka maombi ya marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, au kwenye masjala ndogo ya Mahakama Kuu inayohudumia eneo lake. Jina si tofauti pekee. Kwenye marejeo jaji hasikilizi kesi upya: hakuna shahidi anayesimama kizimbani, wala barua mpya inayotolewa mfukoni dakika ya mwisho. Jaji anafungua jalada lililotoka CMA, anasoma kilichoandikwa humo, kisha anapima kama mwamuzi aliendesha shauri na kufikia uamuzi kwa namna inayokubalika kisheria.

Hili linampa nafasi mtu asiye na wakili, kuliko wengi wanavyodhani. Ufasaha wa kuongea mbele ya jaji hausaidii sana hapa. Kinachosaidia ni kulisoma jalada lako mstari kwa mstari na kuziheshimu tarehe. Maombi mengi ya watu wanaojisimamia hufia mlangoni, kwa kuchelewa au kwa kasoro ya hati ya kiapo, kabla jaji hajagusa hoja hata moja.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya ajira. Sheria zinazotawala ni mbili za mwaka 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini (Na. 6) na Sheria ya Taasisi za Kazi (Na. 7), pamoja na Kanuni za Mahakama ya Kazi, Tangazo la Serikali Na. 106 la 2007. Namba za vifungu nilizotumia ni za sheria hizo zilivyotungwa. Kabla ya kuandika karatasi zako, zilinganishe na toleo linalotumika siku unayofungua maombi, maana urejeo wa sheria huweza kuzisogeza namba.

Hakikisha kwanza mlango ni huo

Si kila uamuzi wa CMA unaenda moja kwa moja Mahakama Kuu. Kama tuzo ilitolewa upande mmoja kwa sababu hukufika, au shauri lako lilifutwa kwa kutohudhuria, mahali pa kuanzia ni CMA hapohapo: unaomba uamuzi huo utenguliwe, unaeleza sababu ya msingi ya kutofika, na unafanya hivyo ndani ya siku 14 tangu ulipoufahamu. Ukikimbilia Mahakama Kuu utaambiwa urudi, na huku siku 14 zimeshapita.

Makosa ya uandishi nayo, kama tarakimu iliyojumlishwa vibaya au jina lililokosewa, husahihishwa na mwamuzi mwenyewe chini ya kifungu cha 90 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Na maamuzi madogo ya katikati ya shauri, ambayo hayakulimaliza, hayaletwi kwa marejeo. Kanuni ya 50 ya Kanuni za Mahakama ya Kazi inazuia. Lakini kama mwamuzi alikataa kukuongezea muda wa kufungua mgogoro, uamuzi huo umelifunga shauri lako, hivyo unaweza kuupeleka Mahakama Kuu.

Kwa mtumishi wa umma kuna jambo zito zaidi. Tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka amalize kwanza njia za ndani ya utumishi wa umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kutumia sheria za kazi. Mamlaka ya CMA kusikiliza shauri huweza kuhojiwa hatua yoyote, hata na jaji mwenyewe. Mtumishi aliyepita CMA moja kwa moja na kupata nusu ya alichodai afikirie mara mbili kabla ya kuomba marejeo, kwa sababu tuzo nzima inaweza kufutwa kwa kukosa mamlaka, akabaki hana kitu.

Wiki sita

Kifungu cha 91(1) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinatoa wiki sita, yaani siku 42, kuanzia tarehe uliyokabidhiwa tuzo. Ukidai tuzo ilipatikana kwa njia chafu, wiki sita zinaanza siku ulipogundua hilo. Neno la kushika ni kukabidhiwa. Mara nyingi CMA humpigia mtu simu akachukue nakala, anasaini kitabuni, na tarehe ya kusaini inakuwa ndiyo ushahidi. Andika tarehe hiyo juu ya nakala yako na, ukiweza, omba igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwajiri akija na pingamizi kwamba umechelewa, utaonyesha ulipokea lini, si kukumbuka tu.

Watu wengi hupoteza siku zao wakisubiri nakala ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa na kufanyika mbele ya mwamuzi. Omba mwenendo kwa barua siku ileile unayochukua tuzo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, ila usifanye kuusubiri kuwa sababu ya kukaa. Sheria inahesabu kutoka kwenye tuzo. Mahakama itaagiza jalada lote kutoka CMA, kwa hiyo maombi yanaweza kufunguliwa ukiwa na tuzo na nyaraka ulizonazo. Vivyo hivyo kwa mazungumzo na mwajiri baada ya tuzo: hayasimamishi hesabu, hata akikuahidi kulipa wiki ijayo.

Muda ukishapita, hufungui marejeo kwanza ukaeleza baadaye. Unafungua maombi ya kuongezewa muda chini ya Kanuni ya 56, peke yake, ukiwa na hati ya kiapo inayoeleza kila siku uliyochelewa. Vigezo vinavyotajwa karibu katika kila uamuzi ni vya Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction, Ombi la Madai Na. 2 la 2010: ueleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uonyeshe bidii na si uzembe, na zaidi ya hapo mahakama inaweza kuangalia sababu nyingine nzito kama kuwepo kwa kasoro ya kisheria katika uamuzi wenyewe. Kutojua sheria hakukubaliki kama sababu. Ugonjwa hukubalika ukiwa na vyeti vya hospitali vinavyoonyesha tarehe, na tarehe hizo ziangukie ndani ya siku unazozieleza. Cheti cha wiki moja hakifuniki miezi minne.

Kabla ya kufungua marejeo, jaza Fomu Na. 10 ya CMA, taarifa ya kusudio la kuomba marejeo, iliyowekwa na Kanuni ya 34(1) ya Tangazo la Serikali Na. 47 la 2017. Inawasilishwa CMA. Majaji hawajawa na kauli moja kuhusu uzito wa kuikosa. Kuna maombi yaliyoondolewa kwa sababu hiyo na mengine yaliyoendelea. Kwa mtu anayejisimamia hakuna haja ya kujaribu bahati. Ni karatasi fupi. Ijaze, igongwe muhuri, iambatishe.

Kusoma jalada

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kifungu cha 91(2) kinataja misingi mitatu: mwamuzi alitenda isivyostahili, tuzo ilipatikana isivyo halali, au tuzo ni kinyume cha sheria, haina mantiki au haina uwiano na akili ya kawaida. Huu wa tatu, ulioongezwa mwaka 2010, ndio unaobeba maombi mengi. Kanuni ya 28 ya Mahakama ya Kazi inaongeza lugha yake: mwamuzi alivuka mamlaka, alishindwa kutumia mamlaka aliyokuwa nayo, alitenda kinyume cha sheria au kwa dosari kubwa, au alifanya kosa linalogusa kiini cha shauri na kuleta dhuluma.

Chukua mwenendo na tuzo, uviweke sambamba. Kwa shauri la kuachishwa kazi, kifungu cha 37 kinataka mambo mawili: sababu halali na ya haki, na utaratibu wa haki. Kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri jukumu la kuthibitisha. Basi andika pembeni ya kila aya ya tuzo: mwamuzi amepata wapi hili? Kama ameandika kwamba uliiba, ni shahidi gani alisema aliona, na kielelezo gani kinaonyesha? Kama hakuna, una hoja: mwamuzi amefikia matokeo yasiyo na ushahidi. Kama amesema wewe ndiye ulishindwa kuthibitisha kwamba hukuiba, una hoja kubwa zaidi, kwa sababu amegeuza mzigo wa uthibitisho.

Kwa upande wa utaratibu, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka uchunguzi, taarifa ya tuhuma kwa lugha unayoielewa, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako, nafasi ya kujitetea, na kuelezwa matokeo pamoja na sababu zake. Mahakama haizisomi kanuni hizi kama orodha ya kuweka alama za vema. Inatazama kama kiini cha kusikilizwa kwa haki kilikuwepo. Kuandika kwamba ulipewa saa 44 badala ya 48, wakati ulifika, ulijitetea na hukuomba muda zaidi, hakutakupeleka mbali. Kutopewa kabisa ripoti ya uchunguzi iliyotumika kukutia hatiani ni jambo lingine.

Kisha kuna dosari za uendeshaji ambazo haziko kwenye tuzo bali kwenye mwenendo, na watu huzipita bila kuziona. Je, kila shahidi aliapa kabla ya kutoa ushahidi, na kiapo kimeandikwa? Mwamuzi alisaini mwishoni mwa ushahidi wa kila shahidi? Vielelezo vilipokelewa rasmi, upande wa pili ukaulizwa kama una pingamizi, na vikapewa alama? Kama mwamuzi alibadilika katikati, sababu imeandikwa? Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya CMA kwa dosari za aina hii: katika Rufaa ya Madai Na. 155 ya 2019 iliyohusu Iringa International School tatizo lilikuwa mwamuzi kutosaini ushahidi, na katika Na. 257 ya 2020 iliyohusu chuo kikuu cha CUHAS mashahidi hawakuapishwa.

Lakini pima unachokiomba. Dosari kama hizo zikithibitika, matokeo ya kawaida ni kufuta mwenendo na tuzo na kuamuru shauri lisikilizwe upya mbele ya mwamuzi mwingine. Kwa aliyepoteza kila kitu, hiyo ni nafasi ya pili. Kwa aliyeshinda ila akapewa fidia ndogo, ni kurudi mwanzo, na mashahidi wake huenda wameshahama. Kama lengo lako ni kiwango cha fidia tu, jenga maombi juu ya kiwango cha fidia, ukijua kwamba jaji au mwajiri bado anaweza kuibua suala la kiapo.

Kitu cha mwisho cha kukagua ni fomu yako ya kwanza, CMA F1. Kila upande unafungwa na alichokiandika mwanzoni. Kama hukudai malipo ya likizo kwenye F1, kulalamika Mahakama Kuu kwamba mwamuzi hakukupa likizo ni kupoteza pumzi. Ukidai kuachishwa kazi isivyo halali, F1 nayo ionyeshe ulifungua ndani ya siku 30 tangu kuachishwa (migogoro mingine ni siku 60), au kwamba uliomba na kupewa muda wa ziada.

Karatasi zenyewe

Maombi yanafunguliwa kwa notisi ya maombi chini ya Kanuni ya 24, ikiungwa mkono na hati ya kiapo. Notisi inataja vifungu unavyovitumia, kwa kawaida 91(1)(a), 91(2)(b) au (c), Kanuni ya 24 na ya 28, na unachoiomba mahakama. Hati ya kiapo ndiyo inayobeba hoja, na ndiyo inayoangusha watu.

Mtego uko hivi. Hati ya kiapo katika kesi za kawaida za madai hairuhusiwi kuwa na hoja za kisheria wala maombi. Ni mambo ya hakika tu. Katika Mahakama ya Kazi, Kanuni ya 24(3) inataka vitu vinne ndani yake: majina, maelezo na anwani za wahusika, mambo ya msingi kwa mfuatano wa tarehe, hoja za kisheria zinazotokana na mambo hayo, na nafuu unazoomba. Anayenakili mfano wa kesi ya ardhi alioupata stationari huacha viwili vya mwisho, na pingamizi la awali, lile la kuyaangusha maombi kabla hoja hazijasikilizwa, linamsubiri.

Hoja za kisheria ziandikwe kama maswali mafupi yanayojibika kutoka kwenye jalada. "Tuzo si ya haki na mwamuzi alipendelea" haimwambii jaji atazame wapi. Linganisha na hii: "Iwapo mwamuzi alikosea kisheria kwa kuamua kwamba mwajiri alithibitisha wizi, wakati shahidi wa pili wa mwajiri alikiri hakuwepo ghalani siku ya tukio na hakuna kielelezo cha hesabu ya mali kilichopokelewa." Hoja tatu au nne za namna hii zinatosha. Mtu anayeweka 15 humfanya jaji aamini hana hata moja. Tuhuma ya rushwa au upendeleo usiiandike kama huna kitu cha kuishika kwenye karatasi. Inachafua hoja zako nzuri.

Mwishoni kuna uthibitisho, ambapo unatenganisha aya unazozijua mwenyewe na zile ulizoambiwa, ukimtaja aliyekuambia. Kuandika "yote hapo juu ni kweli kwa ufahamu wangu" wakati aya ya sita inasema umeelezwa na ofisa wa CMA ni kasoro. Saini mbele ya kamishna wa viapo, si nyumbani, na hakikisha ameandika jina lake, mahali na tarehe ya kiapo. Ambatisha tuzo, F1, Fomu Na. 10 na ushahidi wa tarehe ya kupokea tuzo, kila kimoja kikiwa na alama yake na kikitajwa ndani ya hati.

Unaweza kuandika yote kwa Kiswahili. Sheria Na. 1 ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hakuna sababu ya kuhangaika na Kiingereza cha kubahatisha ambacho wewe mwenyewe hutaweza kukitetea ukiulizwa.

Usajili unafanyika kwa mfumo wa mtandao wa Mahakama. Fungua akaunti mapema, si siku ya 42, kwa sababu faili likikataliwa kwa kiambatisho kisichosomeka unahitaji siku za kurekebisha. Masjala zina watumishi wa kuwasaidia wasio na wakili. Nenda na karatasi zako zikiwa zimeskaniwa.

Nani anaweza kusimama nawe

Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinaruhusu usimame mwenyewe, au uwakilishwe na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, mwakilishi binafsi uliyemchagua, au wakili. Ukitumia mwakilishi binafsi, toa taarifa ya maandishi mahakamani mapema, maana hati zilizosainiwa na mtu asiyetambulika huleta pingamizi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewapa wasaidizi wa kisheria nafasi ya kukushauri na kukuelekeza, ila hawasimami mahakamani kwa niaba yako. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, husaidia watu kuandaa nyaraka. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Tafuta mbili au tatu zinazofanana na shauri lako, uzisome mpaka mwisho, kwa sababu aya inayoonekana kukusaidia mara nyingi ni hoja ya aliyeshindwa.

Kuhusu gharama, hofu ya kubebeshwa mamilioni ya wakili wa mwajiri isikuzuie. Kifungu cha 50(6) cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinazuia amri ya gharama isipokuwa shauri liwe la kipuuzi au la kusumbua tu.

Baada ya kusajili

Mpelekee mwajiri nakala na upate uthibitisho wa kupokea, saini, muhuri na tarehe. Ana siku 15 kuleta kiapo kinzani. Kisome ukilinganisha aya kwa aya: jambo ambalo halijapingwa linahesabika limekubaliwa.

Kufungua marejeo pekee hakusimamishi tuzo. Kama wewe ndiye uliyeamriwa kulipa, omba kusimamisha utekelezaji chini ya kifungu cha 91(3), kwa hati ya dharura kama tayari kuna hatua za kukazia. Kama wewe ndiye mshindi na mwajiri amefungua marejeo, bado unaweza kuomba utekelezaji mpaka pale amri ya kusimamisha itakapotolewa.

Mara nyingi jaji huamuru hoja ziletwe kwa maandishi, na kupanga tarehe za kila upande. Chukua tarehe hizo kwa uzito wa siku ya kusikilizwa, kwa kuwa kutowasilisha hoja kwa wakati huchukuliwa sawa na kutofika. Andika kwa kufuata hoja zilezile za kwenye hati ya kiapo, kila moja ikiwa na ukurasa wa mwenendo unaoitegemeza. Usiibue hoja mpya humo, wala usiambatishe ushahidi mpya.

Likija pingamizi la awali na ukaona lina ukweli, kwa mfano uthibitisho wako una kasoro kweli, kupigana nalo kwa miezi si busara. Omba kuondoa maombi kwa ruhusa ya kuyafungua upya ndani ya siku ambazo mahakama itazitaja. Maombi yaliyoondolewa kwa kasoro yanaweza kurudi, yaliyotupwa hayarudi. Ruhusa isipotaja muda na wiki sita zimepita, utalazimika kuomba kuongezewa muda kwanza.

Jaji akikubaliana nawe, kifungu cha 91(4) kinampa njia mbili: kuamua mgogoro mwenyewe kutokana na jalada, au kuelekeza usikilizwe upya CMA. Omba la kwanza waziwazi kwenye nafuu zako, na la pili kama mbadala, iwapo ushahidi ulioko jaladani unatosha.

Ukishindwa, hatua inayofuata ni Mahakama ya Rufani, kwa hoja za kisheria tu, kama kifungu cha 57 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinavyoelekeza. Taarifa ya rufaa inawasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Omba nakala za mwenendo na hukumu kwa maandishi ndani ya siku 30 za uamuzi na umpelekee upande wa pili nakala ya barua hiyo, kwa sababu bila hivyo siku ulizosubiri nyaraka kutoka kwa Msajili hazitaondolewa kwenye hesabu.